Mshika Mbili na Biashara ya Michezo ya Video

Jioni moja wakati wa likizo, katika mtaa wa Bulapesa mjini Isiolo, nilimkuta mpwa wangu amezungukwa na vijana wapatao kumi mlangoni mwa kibanda cha michezo ya video. Mkononi alikuwa na mashine aina ya Nintendo Switch aliyoazimwa na rafikiye wa Nairobi. Alikuwa akiwaeleza wenzake, kwa bashasha isiyo kifani, kwamba chombo hicho huchezwa kikiwa kiganjani ndani ya basi, na mtu afikapo nyumbani hukipachika katika kiweko chake, kikageuka kuwa mtambo wa runinga. Vijana walistaajabu. Mwenye kibanda, bwana wa makamo ambaye riziki yake imo katika runinga mbili na mitambo miwili ya PlayStation iliyokwisha kuchakaa, hakustaajabu. Alikigeuzageuza chombo kile, akauliza swali moja tu:

"Kandanda imo?"

"Imo, mzee," mpwa wangu akajibu, "lakini si kama hii yako."

"Basi shika chako, kijana wangu." Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, kuna mfanyabiashara wa Nairobi anayenihimiza niuze mitambo yangu ninunue hizi, ati siku hizi ndizo zinazonunuliwa duniani kwa kuwa ni mbili ndani ya moja. Wewe ni mtu wa vitabu. Ni kweli kuunganishwa huko ndiko kunakoziuza?"

Sikuwa na jibu la haraka, na pesa zilizokuwa hatarini hazikuwa zangu. Zilikuwa akiba ya mtu mwenye watoto shuleni. Kwa hiyo nilikwenda kulitafakari swali lake, na leo naomba nafasi hii nilijibu mbele ya wasomaji, kwa maana nadhani linawahusu wengi kuliko yeye peke yake.

Tuanze na historia. Kampuni ya Nintendo, ambayo ilianzishwa katika mji wa Kyoto, Japani, mwaka wa 1889 ikitengeneza karata, kwa muda mrefu ilikuwa na nyumba mbili chini ya paa moja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mashine za mkononi. Hii ndiyo iliyozaa Game Boy mwaka wa 1989, chombo ambacho, pamoja na ndugu yake wa rangi, kiliuzwa zaidi ya milioni 118. Nyumba ya pili ilikuwa ya mitambo ya kuunganishwa na runinga. Kila nyumba ilikuwa na kaseti zake. Kwa kawaida mchezo ulionunuliwa kwa ajili ya mashine ya mkononi haukuingia katika mtambo wa sebuleni, na wa sebuleni haukuingia mkononi. Mzazi aliyetaka kuwafurahisha wanawe nyumbani na safarini alilazimika kufungua mkoba mara mbili.

Kwa mtazamo wa muuzaji, je, kuna neema kubwa kuliko hiyo? Mteja mmoja, ununuzi wa namna mbili! Na kweli neema hiyo ilifika kilele. Mashine ya mkononi iliyoitwa DS, iliyotoka mwaka wa 2004, iliuzwa takriban milioni 154. Mtambo wa nyumbani ulioitwa Wii, uliotoka mwaka wa 2006, uliuzwa zaidi ya milioni 101. Ukijumlisha unapata milioni 255. Mtu akitazama hesabu hiyo peke yake atasema kwamba kuunganisha ni upumbavu, na kwamba mwenye ng'ombe wawili wa maziwa hana sababu ya kumchinja mmoja.

Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Kadiri miaka ilivyopita, michezo ilizidi kuwa mikubwa na kazi ya kuitengeneza ikazidi kuwa ya gharama. Mchezo uliohitaji mafundi wachache wakati wa Game Boy sasa ulihitaji jeshi zima la wachoraji, wanamuziki na waandishi wa programu. Nintendo ilijikuta ikiyalisha majeshi mawili. Mafundi walipokuwa wakishughulikia mashine ya mkononi, mtambo wa nyumbani ulikaa miezi na miezi bila mchezo mpya, na walipourudia mtambo wa nyumbani, mashine ya mkononi ikaona njaa. Mwaka wa 2011 ilitoka 3DS, na kabla ya miezi sita kutimia bei yake nchini Marekani ilikatwa kutoka dola 249.99 hadi dola 169.99 ili wanunuzi wavutike. Mwishoni mwa 2012 ukaja Wii U, mtambo wa nyumbani ambao maisha yake yote haukufikisha hata milioni 14. Jumla ya hao wawili ilikuwa chini ya milioni 90. Kutoka milioni 255 hadi milioni 90 ni anguko kubwa mno.

Hapo ndipo wakuu wa kampuni, chini ya rais wao Satoru Iwata, walipochukua hatua ambayo wengi wanaozungumzia jambo hili huisahau. Mwaka wa 2013, miaka minne kabla ya Switch kuonekana dukani, waliziunganisha idara mbili zilizokuwa zikibuni mashine za mkononi na mitambo ya nyumbani. Mwaka wa 2015 wakaziunganisha pia idara kubwa zilizokuwa zikitengeneza michezo. Iwata alifariki mwezi Julai mwaka huo huo bila kuyaona matunda. Naomba msomaji auzingatie mpangilio huo: watu waliunganishwa kwanza, kazi ikafuata, na vyuma vikaja mwisho. Switch iliyoingia sokoni tarehe 3 Machi 2017 ilikuwa matokeo ya muungano uliokwisha kufanyika jikoni.

Matokeo yake yajulikana. Kufikia mwisho wa Machi 2025, Switch zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 152. Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni wa mchezo mmoja wa mbio za magari uitwao Mario Kart 8. Ulitoka mwaka wa 2014 kwa ajili ya Wii U, ukanunuliwa mara milioni 8 na ushei. Mwaka wa 2017 mchezo ule ule, ukiwa umeongezewa mapambo machache, ulitolewa kwa Switch. Kufikia Machi 2025 ulikuwa umenunuliwa mara milioni 68. Magari yalikuwa yale yale na barabara zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa ulikuwa katika ghala moja lililofunguliwa kwa wote, wa sebuleni na wa safarini.

Yamkini msomaji makini atanikatiza hapa aniambie: "Bwana, milioni 152 bado ni chini ya milioni 255. Muungano umepunguza mauzo!" Ni hoja nzito na sitaikwepa. Ni kweli kwamba kuunganisha hupunguza idadi ya vyombo vinavyoweza kuuzwa kwa nyumba moja. Ni ukweli usiofichika kwamba wauzaji hupoteza ule mkoba wa pili. Walakini hesabu hiyo inalinganisha nyakati mbili zisizofanana. Wakati wa DS, mtoto aliyetaka kucheza ndani ya basi hakuwa na chombo kingine cha maana mfukoni. Kufikia 2012 mfuko ule ulikuwa umekwisha kutekwa na simu, na simu haikuwa na nia ya kuhama. Kwa hiyo Nintendo haikuwa na hiari ya kurudi kwenye milioni 255. Hiari yake ilikuwa kubaki na vyombo viwili vyenye njaa au kuwa na kimoja kilichoshiba. Inayofaa kulinganishwa na milioni 152 ni ile milioni 90, na kwa mizani hiyo muungano umeshinda.

Je, basi tuseme kuwa kila muungano huuza? La hasha! Historia ina makaburi ya waliojaribu mapema. Mwaka wa 1990 kampuni ya NEC ilitoa TurboExpress, mashine ya mkononi iliyotumia kadi zile zile za michezo za mtambo wake wa nyumbani. Mwaka wa 1995 kampuni ya Sega ikauza Marekani chombo kiitwacho Nomad, kilichopokea kaseti zile zile za mtambo wake wa sebuleni, na hata kikaweza kuunganishwa na runinga. Kimsingi Nomad ilikuwa Switch iliyozaliwa miaka ishirini na miwili kabla ya wakati wake. Ilikula mawe sita ya betri kwa saa chache, bei yake ilikuwa ya juu, na zaidi ya yote iliwasili wakati Sega yenyewe ilikuwa imekwisha kuugeuzia mgongo mtambo ule na kuelekea mwingine. Ghala lilikuwa likifungwa wakati mlango mpya ukifunguliwa. Haikufua dafu.

Kutokana na mifano hiyo natoa kauli yangu, nayo ni moja tu. Muungano unaouza ni muungano wa ghala la michezo, wala si muungano wa vyuma. Watu hawanunui mashine. Hununua michezo, na mashine ni ufunguo wa mlango. Funguo mbili zikiwa moja, mwenye nyumba hupata nafuu. Lakini chumba kikiwa kitupu, hata ufunguo wa dhahabu hauna mnunuzi.

Mimi ni mwanaisimu, na msomaji ataniwia radhi nikitoa mfano kutoka shambani mwangu. Mwaka wa 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakaamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaanza Kamati ya Lugha iliyosimamia kazi hiyo kwa niaba ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Wapo waliodhani, na wapo wanaodhani hata leo, kwamba jambo hilo lilihusu matamshi na tahajia tu. Lakini litazame kwa jicho la mchapishaji. Kabla ya hapo, kitabu cha shule kilichoandikwa kwa lahaja moja kiliweza kukataliwa ng'ambo ya mpaka. Baada ya hapo, kitabu kimoja kiliweza kuuzwa katika nchi nne. Kilichounganishwa hakikuwa vinywa vya watu, kwa maana Mmvita aliendelea kusema Kimvita chake na mtu wa Lamu Kiamu chake. Kilichounganishwa ni ghala la vitabu. Aidha kulikuwa na hasara, na si ndogo: lahaja zenye ushairi wa karne nyingi zilisukumwa pembeni, na manung'uniko ya Mombasa yangali yakisikika. Muungano wowote una mirathi inayopotea. Katika michezo pia, zile kazi ndogo ndogo za kipekee zilizobuniwa kwa kiwambo kidogo cha mkononi, au kwa viwambo viwili vya DS, hazina tena makao ya asili.

Sasa turudi Isiolo. Huku kwetu wazo la chombo kimoja cha nyumbani na cha safarini si geni hata kidogo. Wafugaji wa Kiborana tangu zamani hugawanya mifugo yao mara mbili: warra, wanaobaki karibu na nyumba kwa ajili ya maziwa, na fora, wanaopelekwa mbali kutafuta malisho. Mifugo iligawanywa, lakini redio ya transista haikugawanywa. Usiku ilikaa nyumbani, na kijana aliyekwenda fora aliifunga begani. Kwa nini redio hiyo ilienea? Si kwa sababu ilibebeka tu. Hata chungu hubebeka. Ilienea kwa sababu popote ilipofunguliwa palikuwa na kitu cha kusikiliza: habari, nyimbo na salamu, kwa Kiswahili na, kupitia idhaa ya taifa, kwa lugha za kaskazini zenyewe. Ghala lilikuwa limejaa, na lilisema nao kwa lugha waliyoifahamu.

Chombo cha pili kilichounganisha nyumba na safari ni simu ya mkononi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, simu imekuwa mkoba, tochi, redio, kamera na, bila mtu kuambiwa ainunue kwa ajili hiyo, mashine ya michezo. Wengi wetu tuliingia katika ulimwengu wa michezo ya kielektroniki kupitia yule nyoka aliyewekwa ndani ya simu za Nokia kuanzia mwaka wa 1997. Hatukumlipia. Alikuja na nyumba. Muuzaji yeyote anayeleta mashine mpya ya mkononi Isiolo ajue kwamba anashindana na chombo ambacho mteja tayari anacho mfukoni, na ambacho mwaka wa 2020 kampuni ya Safaricom ilianza kukiuza kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku.

Linganisha na bei. Switch ilitoka Marekani kwa dola 299.99, yaani takriban shilingi 31,000 kwa ubadilishaji wa wakati ule, kabla ya nauli na ushuru. Mrithi wake, Switch 2, alitoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99, yaani kama shilingi 58,000. Hata huko kwenye pesa, kampuni yenyewe ilikiri kwamba si kila mtu anahitaji viwili ndani ya kimoja, kwa kuwa mwaka wa 2019 ilitoa Switch Lite kwa dola 199.99, ambayo ni ya mkononi tu na haiungani na runinga. Lakini angalia: Lite ilikula michezo ile ile ya nduguye. Chombo kiligawanywa tena, ghala likabaki moja. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo kuthibitisha kauli yangu.

Na kuna jambo ambalo Kyoto hawalifikirii, ambalo mwenye kibanda wa Bulapesa analijua kama kiganja chake. Huku kwetu mchezo wa video ni baraza. Vijana wawili hushika padi, wanane husimama nyuma wakitoa ushauri usioombwa, na aliyefungwa humpisha anayesubiri. Mtambo mmoja, ulionunuliwa mara moja, hutumiwa na mtaa mzima, na kila mmoja hulipia zamu yake. Muungano uliokwisha kufanyika Isiolo ni wa wachezaji. Fauka ya hayo, wachezaji hao wanataka kandanda. Kati ya mwaka wa 2019 na wa 2022 mchezo wa FIFA uliouzwa kwa Switch ulikuwa toleo la zamani lililobadilishwa majina ya wachezaji na jezi, huku wenye PlayStation wakipata kazi mpya kila mwaka. Toleo la 2023 lilirekebisha mengi, lakini kijana wa kibandani hasahau upesi. Mwenye kibanda alipouliza "Kandanda imo?" alikuwa ameifikia kwa maneno mawili hoja niliyoitafuta kwa siku kadhaa.

Basi nilimrudia nikampa jibu langu. Ndiyo, kuunganisha mashine ya mkononi na ya nyumbani kulisaidia mauzo, lakini kulimsaidia mtengenezaji aliyekuwa akiigawa nguvu yake mara mbili, na kukamsaidia mteja anayenunua chombo kwa ajili ya nafsi yake. Hakumsaidii mtu ambaye biashara yake ni kuwakusanya wengi mbele ya kiwambo kimoja. Asiuze mitambo yake. Akiwa na akiba, anunue padi mpya na runinga kubwa zaidi. Alicheka akasema alikuwa amekwisha kuamua hivyo kabla sijaondoka jioni ile. Alitaka tu kusikia kama vitabu vinakubaliana naye.

Kwa vijana wetu wanaosomea kompyuta nina neno tofauti kidogo. Mwaka wa 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi, akathibitisha kwamba kazi hii yaweza kufanywa hapa. Msihangaike na swali la chombo. Chombo kinachounganisha nyumba na fora tayari kimo mikononi mwa watu wa Isiolo, Merti na Garbatulla. Kinachokosekana ni ghala: michezo inayosema Kiswahili fasaha, na Kiborana, na Kisomali, na Kiturkana, michezo ambayo bibi akiisikia sebuleni ataelewa mjukuu wake anacheka nini. Kabla ya hapo, kila mashine itakayofika katika soko letu, iwe moja au mbili ndani ya moja, itakuwa ufunguo wa nyumba ya watu wengine.

Nintendo ilishika mbili, moja ikaiponyoka, nayo ikajifunza. Sisi hatuna mbili za kushika. Tunayo moja, imo mfukoni, na bado haijasema lugha yetu.